Jagi la Maua Pahala pa Bibi

Thuraya mwanangu,

Salamu tumeshapeana leo zaidi ya mara tatu, ya mwisho pale mlangoni ulipokuwa unatafuta funguo za gari huku umezishika mkononi, basi nyingine nakusamehe. Umeondoka na mamaako kwenda Matrah kununua halwa na udi wa kuwapelekea wenyeji wako Unguja. Alasiri ndiyo kwanza imeadhiniwa. Nikichanganya foleni ya kwenda, ubishi wa mamaako na wauza udi, na foleni ya kuivuka Maskati kurudi Azaiba, nina kama saa mbili na nusu. Katika muda huo barua hii lazima iwe imekwisha na iko juu ya begi lako, kwa sababu mamaako amenipa sharti, na mamaako unamjua.

Nimeshainuka kitini mara nne. Nimezima kiyoyozi nikaona joto, nikakiwasha nikaona kinapiga kelele. Nimekwenda jikoni kutafuta chai, nikarudi bila chai. Mtu wa umri wangu kuogopa karatasi ni kichekesho, najua. Cheka tu, lakini soma mpaka mwisho.

Habari za pasipoti, dawa ya mbu, maji ya chupa na kumpigia simu mamaako kila siku sizitii humu. Hizo umeambiwa mpaka umezihifadhi kwa moyo. Mimi nina neno moja, nalo ni la picha.

Leo kwenye chakula cha mchana ulitukunjulia bango la maonyesho yako ya picha huko Unguja. Ukasogeza sahani ya samaki, ukafuta meza kwa kiganja, ukalitandaza. "Baba, tazama ntaanza na ipi. Watu wakiingia tu kwenye maonyesho, hii ndo ya kwanza." Nikatazama. Ilikuwa ile picha yetu ya ukutani, ya majlis tunamokaribisha wageni, ile uliyoizoea tangu unatambaa: babu yangu mzaa mama amesimama, kanzu, kilemba, jambia kiunoni. Mbele yake mamaangu, bibi yako Moza, mtoto wa miaka saba na gauni la mikono mifupi. Upande wa kulia wa mtoto, jagi kubwa la maua juu ya meza. Na chini umeandika kwa hati nzuri kwamba hii ni familia ya Kiomani ya Unguja, baba na binti yake, na kwamba mtoto amevaa pambo la kitambaa begani.

Nilisema, "Mashaallah, imetoka vizuri." Kisha nikasema nimeshiba.

Mamaako alinifuata jikoni na sahani mkononi. Akafungua bomba la maji ili usisikie. "Nassor, utamwambia weye au nimwambie miye?"

"Nini?"

"Usinifanye mtoto. Tukirudi kutoka sokoni, kama hujamwambia, ntamwambia miye, tena mbele yako."

Miaka yote hii nilidhani hajui. Nikamuuliza tangu lini. Akafunga bomba, akanitazama kama anavyomtazama muuza samaki aliyemletea samaki wa jana. "Tangu wiki ya kwanza nlipoolewa. Kwani maua gani yana vidole?"

Basi nakwambia.

Unajua kwamba nilifanya kazi studio Matrah, na kila mgeni akija wewe humwambia, "Babaangu alikuwa fundi wa kukuza picha za zamani." Ni kweli. Ila hukuwahi kuniuliza fundi wa kukuza picha hufanya nini siku nzima, nami sikuwahi kukwambia. Mwenye studio alikuwa Mgoa aliyezaliwa Unguja kama sisi, tukimwita Mista. Alipiga picha za harusi za nusu ya watu waliokuja huku, kisha akawafuata wateja wake mpaka Matrah. Watu walikuja kwake na picha moja moja, nyingine imekunjwa mara nne, nyingine ilivuka bahari ndani ya msahafu au katikati ya kanga. Walitaka ikuzwe na itiwe fremu, iwekwe ukutani katika nyumba mpya. Na karibu kila mmoja, baada ya kukubaliana ukubwa, huinama kwenye kaunta na kupunguza sauti.

"Huyu mzee hapa kavaa suti. Humtii kanzu?"

"Mwanangu, huyu dada'ngu kichwa wazi, na gauni linamwishia magotini. Mstiri."

"Mng'arishe kidogo babaangu, jua la kule lilimuunguza."

"Na huyu hapa pembeni mtoe. Si mtu wetu."

Nami nilikuwa na mkono. Nasema bila haya, nilikuwa na mkono ambao Mista mwenyewe alikuwa akisimama nyuma yangu kuutazama. Nilikuwa na brashi ya nywele tatu na wembe niliouvunja nusu. Tulikuwa tunaipiga picha upya, tunaikuza, nabandika juu yake kipande kilichokatwa kutoka picha nyingine, napaka rangi kwenye ukingo mpaka huoni pa kuanzia, kisha tunaipiga tena picha hiyo iliyobandikwa. Inayotoka hapo haina gundi wala mkato. Mteja akija kuichukua huangua kilio, na mimi nilikuwa nadhani analia kwa uzuri wa kazi yangu.

Sasa nikupe siri ambayo itakusaidia kuliko maprofesa wako. Jambia lile la babu si la babu. Muuzaji mmoja wa sokoni aliniazima kwa saa moja, nikalipiga picha kwa ukubwa wa namna tatu, nikalirudisha. Lilikuwa limebonyea kwenye ncha ya ala, upande wa kushoto, kama limeangukia jiwe. Jambia hilo hilo nimewavisha mababu wa Maskati mpaka nimepoteza hesabu. Nikiingia nyumba ya mtu kwenye msiba au harusi, kabla sijakaa macho yanakwenda kwenye ncha ya ala. Niko tayari kuapa kwamba nusu ya wazee hao hawakuwahi kushika jambia maishani mwao. Walikuwa makarani, wapishi wa meli, wauza karafuu, na mmoja alikuwa kinyozi. Zamani nilikuwa nacheka peke yangu, watu wakadhani nina furaha ya harusi. Siku hizi nakaa mahali nisipouona ukuta.

Kwa hiyo katika zile picha ulizokusanya miaka miwili, nyumba kwa nyumba, na skana yako kwenye mkoba na biskuti za kuwahonga wazee, tafuta ncha ya ala. Ukiona imebonyea kushoto, mimi nimepita hapo. Na nikipita mahali, kuna mtu ametoka.

Hilo ndilo linalonikosesha utulivu. Kanzu si kitu, jambia si kitu, hayo mtu anaweza kuyacheka. Ni wale niliowatoa. Unguja niliyokulia mimi, mlango wetu ulitazamana na Wangazija. Nyuma alikaa Banyani mwenye cherehani, kushoto Wahadhrami waliouza kahawa, na bibi yangu mwenyewe alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Tulikuwa tunapiga picha pamoja kwa sababu mpiga picha alikuwa ghali, akija kwa mmoja mtaa mzima unavaa. Ukizitazama picha zile zile leo kwenye kuta za Maskati, utadhani Unguja tuliishi sisi peke yetu, wanaume na majambia, wanawake na mitandio, na maua mengi. Jamaa zetu wale wote nimewafanya maua, mapazia na nguzo.

Unamkumbuka Bi Rahma, yule bibi mwenye fimbo aliyekuja hapa ukiwa umemaliza chuo? Wewe ulimletea juisi, ukamrudisha kwao kwa gari, na huko njiani akakupa hadithi mpaka ukarudi macho yamekutoka unasema, "Baba, lazima mtu aziweke hizi habari." Kazi yako yote ilianzia kwenye gari ile. Lakini hukujua alichokuja kukitafuta kwangu. Alikuja na fremu imefungwa kwa shuka. Wasichana wa shule wanne wamesimama mstari mmoja, na katikati yao nafasi imejaa pazia.

"Nassor," akanambia, "weye ndo ulomfuta. Mume wangu ndo alotaka, Mungu amrehemu, lakini mkono wako. Nnataka umrudishe."

Nikamwambia Bi Rahma, haiwezekani, picha ya asili iko wapi?

"Aliichoma. Mwenzangu yule alikuwa mtoto wa fundi viatu, Mgoa, tukikaa dawati moja. Ananishika mkono pale. Tazama, mkono wangu bado nimeunyoosha. Miye nakaribia kwenda kaburini na nimenyoosha mkono kwa pazia."

Nikaivuta fremu karibu na dirisha. Akasema, "Basi nirudishie hata kiatu chake." Kwa chini kweli palikuwa na ncha ya kiatu niliyoisahau, lakini huwezi kumkuza mtu kutoka kiatu. Alipokufa nilikwenda matanga, nikakaa nje na wanaume, nikatoka kabla ya kahawa.

Nimeinuka tena. Nimekwenda mpaka majlis, nimesimama mbele ya picha yetu, nimerudi. Saa moja imekwenda na nimekusimulia ya watu.

Ya kwetu ni haya. Tulipotoka Unguja nilikuwa na miaka kumi na minane. Babaangu alikuwa ameshafariki, tulikuwa mimi na mama. Bibi yangu hakuja. Makaratasi yalikuwa yetu wawili, na nilisikia mjomba mmoja akimwambia mama kwamba bibi akifika huku tutaulizwa maswali mengi. Bibi mwenyewe alisema hataki kuishi pahala pasipo mvua, yeye atabaki mtaani kwetu Ng'ambo na binti wa ndugu yake. Alisema hivyo kutupunguzia mzigo. Mimi nilimwamini kwa sababu nilikuwa na hamu ya kupanda ndege. Asubuhi ile alinifungia vitumbua kwenye kitambaa, akanishika bega mpaka nikamwambia bibi, shati litakunjika.

Mama alikuja na picha moja. Hiyo. Babu amesimama na koti la kizungu. Bibi amekaa kwenye kiti, mnene, amevaa kanga na kishaufu puani. Na mama mdogo katikati yao, bega lake mkononi mwa bibi. Babaake na mamaake na yeye. Hakuwa na nyingine.

Nilipotaka kumposa mamaako, ilibidi wazee wa kwao waje kututembelea. Ukoo wao unajulikana, wetu unajulikana kwa upande mmoja tu. Hakuna aliyeniambia nifanye nililofanya. Nataka ulijue hilo vizuri, kwa sababu nimetumia miaka mingi kutafuta wa kumlaumu na sikumpata. Mista hata alinikataza. Aliniona na picha, akanambia, "Nassor, ya wateja ni ya wateja. Ya mama usiguse." Nikamngoja aende kula. Babu nikamvua koti, nikamvisha kanzu na jambia. Na bibi nikambandikia jagi la maua la studio, lile tulilokuwa tunawawekea maharusi. Kwa kuwa alikuwa mtu mnene, ilinilazimu niongeze maua. Ndiyo maana yamezidi kiasi, na wewe ulipokuwa mdogo ukasema yanataka kuanguka.

Vidole tu ndivyo sikuviweza. Vilikuwa juu ya gauni la mama, ningevikwangua ningemharibu mama. Nikavipaka rangi ya gauni kidogo, nikasema vitaonekana kama pambo.

Wazee wakaja, wakakaa, wakaitazama picha, wakatikisa vichwa kuridhika. Mama akaingia na sinia ya kahawa na halwa. Mimi nilikuwa nimeitundika asubuhi ile ile, hakuwa ameiona. Akatazama ukutani. Sinia haikutikisika hata kidogo. Akaweka kila kikombe mahali pake, akawakaribisha, akatoka. Jioni wageni walipoondoka na posa imekubaliwa, nilimfuata chumbani nimejaa furaha. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, bila kugeuka, "Mamaangu umemgeuza maua." Baadaye kidogo akasema, "Nipe picha yangu."

Nikamwambia, "Iko studio mama, ntakuletea kesho."

Na ilikuwepo, Thuraya. Sikuichana wala sikuichoma, ilikuwa ndani ya bahasha kwenye rafu ya chini kabisa. Ningeweza kuirudisha siku yoyote ile, ni mkono kunyoosha tu. Ila niliona tufunge ndoa kwanza, asije akaitoa mbele ya wakwe. Baada ya ndoa nikaona fungate ipite. Kila Ijumaa baada ya chakula mama aliuliza, "Nassor, picha yangu?" na mimi, "Kesho, mama." Kisha ikanyesha mvua milimani, wadi, lile bonde kavu la mto, ikajaa na kushuka mpaka ndani ya soko la Matrah, matope yakaingia dukani kwetu yakafika magotini. Tulipoweza kufungua mlango, rafu ya chini ilikuwa uji wa karatasi. Nilitia mikono mle, nikatoa vipande, havikuwa na chochote.

Nimejifunza jambo moja katika maisha yangu na limenigharimu mama: kwamba uovu wangu mkubwa haukuwa wembe. Wembe ulichukua mchana mmoja. Uovu ni ile kesho. Maana hata baada ya wadi niliendelea kumwambia kesho. Sikuweza kumwambia imekufa. Aliuliza kwa miaka, kisha akauliza mara moja moja, kisha akaacha. Unakumbuka bibi yako alivyokuwa akikaa majlis, siku zote kwenye mto ule ule chini ya ile picha, mgongo ukutani? Wewe ulidhani anapenda upepo wa dirisha. Alikuwa amekaa asiuone ukuta, kama mimi sasa. Amefariki na kesho yangu haijafika.

Na wewe nilikufanyia vile vile. Ulikuwa na miaka sita, siku ya Idi, umesimama juu ya mito na viatu vipya. Ukaweka kidole kwenye kioo ukauliza, "Baba, hivi vidole vya nani?" Bibi yako alikuwa amekaa hapo hapo chini yako. Akanyanyua uso akanitazama. Alikuwa ananipa nafasi, mwanangu, wazi kabisa. Nikasema, "Si vidole hivyo, ni pambo la kitambaa." Akainamisha uso. Leo neno langu la kumtuliza mtoto limechapwa kwenye bango, linakwenda kupanda ndege na kusomwa na watu waliomjua bibi yangu.

Leo jikoni nilimuuliza mamaako kwa nini alinyamaza miaka yote hii. Akasema, "Mamaako aliniomba. Alinambia, mwache, atasema mwenyewe." Nikashika ukingo wa sinki. Mamaako akanisogezea kiti, akaenda kuchukua abaya yake.

Kuna jingine, na hili ni la wiki mbili tu zilizopita, kwa hiyo ni baya zaidi. Nilijua unakwenda. Nikasema nitamrudisha bibi kabla hujaondoka, wala hutajua. Nikapakua moja ya zile programu za akili mnemba kwenye simu. Nikaipa sura ya mama na sura yangu, nikaandika mwanamke mnene, kishaufu, kanga. Dakika haikufika, akatokea mwanamke amekaa kwenye kiti, pahala pa maua, mkono begani kwa mama. Alikuwa mzuri, meno yote sawasawa. Nililia, tena kwa sauti, na kilio kilipokwisha nikamtazama tena na sikumjua. Alikuwa mgeni ndani ya kanga ya bibi yangu. Mimi uso wa bibi umenitoka, hilo ndilo la kweli. Kila nikiuita unakuja wa mama. Nakumbuka mikono yake ikigeuza vitumbua, na kovu la kisu kwenye kidole cha shahada, na sauti ikiniita "mwanamme wangu". Uso, hapana. Hata hivyo yule mgeni nilimtia kwenye diski yako, katikati ya picha zako, na jina la faili la uongo. Alikaa humo siku kumi na mbili. Leo ulipokuwa unaoga nimemfuta. Hakikisha mwenyewe, usiniamini mimi.

Ndiyo maana sina ushauri mwingi wa kukupa, mtu kama mimi atashauri nini. Nina mazoea ya fundi tu. Ukiletewa picha na mtu akaanza kukwambia waliopo, msikilize, kisha muulize nani hayupo. Tazama miguu, maana sisi tulishughulikia nyuso na kusahau viatu. Tazama vivuli, tazama mikono inayoshika hewa. Ukiona maua mengi kuliko mahitaji, simama hapo. Na jina ukilipata liandike siku hiyo hiyo, kwa penseli, nyuma ya karatasi, mwenye kulijua akiwa bado mbele yako anakula biskuti zako. Usiseme utarudi kesho. Na wale wanaoona haya usiwadharau. Wengi wao walikuja huku wakiwa hawana hakika kama watapokewa, wakatafuta ukuta wa kuwatetea. Mimi niliwauzia huo ukuta, na sijui ningefanya nini tofauti nikiwa na miaka ishirini na saba na ninampenda mamaako.

Ila kwangu usione haya. Usinifiche ili kunihifadhi. Chini ya picha ile andika kwamba imeharibiwa na Nassor, babaako wewe, na kwamba yuko hai na anakiri. Ukitaka kuiacha kabisa, iache. Ukitaka iwe ya kwanza kama ulivyopanga, bora zaidi, lakini futa pambo.

Na nina ombi. Mpiga picha wa siku ile alitoa nakala mbili. Moja alichukua mama, ya pili bibi aliibandika ndani ya mlango wa kabati lake, nimeiona kwa macho yangu kila siku ya utoto wangu. Binti wa ndugu yake alituandikia barua mara nyingi baada ya bibi kufariki. Nilipooa niliacha kujibu. Anwani ya mwisho nimeiandika nyuma ya karatasi hii, ni Ng'ambo, na ramani ya kichochoro nimekuchorea ninavyokikumbuka. Huenda nyumba haipo. Huenda kabati liliuzwa, au wajukuu wapo na hawataki kusikia jina langu, na watakuwa na haki. Bisha hodi. Waambie wewe ni nani na mimi nilifanya nini, kwa mpangilio huo huo. Wakikufungulia, usiombe picha. Omba kuitazama.

Nasikia gari. Hapana, ni ya jirani.

Nimekwenda majlis nimeishusha fremu. Ukutani pamebaki mraba mweupe, maana rangi ya pale haijaona jua tangu tuhamie. Kesho kabla ya kwenda uwanja wa ndege wajomba zako watakuja kukuaga, watakaa mle, watauliza picha iko wapi. Nitawajibu mwenyewe, nawe uwepo usikie. Fremu nimeiweka juu ya begi lako na barua hii chini yake. Sijui utaingia kwangu na uso gani, lakini mlango nimeuacha wazi.

Sasa hii ndiyo gari yetu, namsikia mamaako anakwambia usiinamishe sanduku la halwa.

Ulipanda juu ya mito siku ya Idi ukaniuliza vile ni vidole vya nani. Ni vya Nyamizi binti Shabani wa Tabora, mama wa mamaangu. Kamera za siku zile zilichelewa kufunga jicho, na mtoto akitikisika sura yake inapotea. Alikuwa amemshika mwanawe asipotee.

Babaako,
Nassor